Jaribio Lililokubali Mikononi Mwangu Tu

Mlionitumia pole wiki iliyopita, asanteni, ila pole zenyewe ziwekeni kwanza. Sikufa na sikufukuzwa. Niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni kwa Profesa, mkono juu ya kitasa, na wengi wenu mkadhani nitageuka nikimbie. Hamnijui.

Kwa wewe uliyekuwa safarini: mimi ni yule binti wa fundi cherehani niliyevuka mipaka kwenda kusomea shahada ya uzamili ya kemia. Si ile ya kukaa darasani na kunakili ubao. Hii ni ya utafiti. Unapewa meza, kabati la kufyonza moshi, na swali moja ambalo hakuna aliyewahi kulijibu, kisha unaambiwa kaa nalo.

Swali langu lilihusu chuma. Ukitaka kuunganisha vipande viwili vya dawa, kawaida unatumia paladi, madini ya bei ya kutia kizunguzungu. Profesa, enzi za ujana wake, alitangaza kwamba chuma cha kawaida kinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Hilo ndilo lililompa jina, cheo na picha ukutani. Mimi nilipewa nilisogeze mbele, nikapewa na meza yake ya zamani, ile anayopenda kuwaonyesha wageni.

Nikalisogeza. Jaribio langu likakubali, likakubali tena, na Profesa akawa ananitambulisha kwa watu huku amenishika bega. Ndipo Miwani alipoambiwa airudie kazi yangu, kuhakikisha tu. Miwani ni mwanafunzi wa uzamivu katika maabara yetu, mtu wa miwani minene na maneno ya kupima. Kwake jaribio halikukubali. Akarudia, likagoma. Akarudia tena, likagoma vilevile. Siku hiyohiyo nikaitwa ofisini.

Haya, nikafungua mlango.

"Kaa," akasema Profesa.

"Nashukuru. Nimesimama vizuri."

Miwani alikuwa kwenye kona, anaviangalia vidole vyake kana kwamba amepewa vipya.

"Binti, uliniletea matokeo mazuri kuliko ya mtu yeyote humu ndani," Profesa akaanza. "Miwani amepata uchafu mtupu. Nini kimetokea?"

"Mwulize Miwani alikosea wapi."

"Amefuata maelezo yako mstari kwa mstari."

"Mstari kwa mstari," Miwani akaitikia, bila kuinua macho.

Profesa akavua miwani yake ya kusomea, akaikunja. "Kuna mambo mawili tu yanayoweza kuleta hali hii. La kwanza, kwamba sisi wote hatujui kazi. La pili sipendi kulitamka."

"Litamke, Profesa. Si ndilo nililoitiwa?"

"Kwamba namba zile umezitunga."

Jamani, nimewahi kutukanwa. Nimetukanwa stendi, nimetukanwa sokoni, nimetukanwa na mke wa mjomba wangu ambaye ana kipaji. Hakuna tusi lililowahi kunikaa moyoni kama lile. Katika kazi yetu, mzembe hupewa nafasi nyingine, hata anayevunja vyombo huvumiliwa. Ukiitwa mtunga namba umekwisha. Hakuna maabara itakayokupa hata chupa uoshe.

"Nakupa njia ya heshima," Profesa akaendelea. "Andika kwamba unaacha masomo kwa sababu za kifamilia. Utaondoka kimya kimya. Ukikataa, suala linakwenda kwenye kamati ya maadili, na huko mimi sina mkono."

"Familia yangu haina tatizo lolote," nikamjibu. "Nitalirudia jaribio mchana kweupe, mbele yenu. Iteni na hao wa kamati. Mkitaka mnikague na mifuko."

"Una uhakika?"

"Hili ndilo jambo pekee nililo na uhakika nalo tangu nifike nchi hii. Hata basi bado napanda lisilo langu."

Hakucheka. Akaandika kitu kwenye kalenda yake na kusema, "Ijumaa."

*

Nilikwenda kulia kwenye ngazi za dharura, mahali ambapo wanafunzi wote wa utafiti huenda kulia. Sitawaficha. Nililia mpaka nikapata kwikwi, kisha nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona pua imeziba?"

Nikamweleza. Mama hajui paladi wala chuma cha kemia, lakini alisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umeacha kukanyaga cherehani. Nilijua kwa sababu kelele zilikata.

"Kwa hiyo wamekuita mwizi."

"Si mwizi, mama. Wanasema nimetunga."

"Huyo ni mwizi yuleyule, amevaa koti."

Nyuma yake nikamsikia mjomba akidai simu. Mjomba ndiye aliyezunguka na bahasha ukoo mzima siku zile naondoka, kwa hiyo huwa ana haki ya kusema. Akaipata simu.

"Mpwa wangu, sikiliza. Omba radhi."

"Kwa kosa gani, mjomba?"

"Lolote. Watu wazima wanapenda kuombwa radhi. Piga magoti, lia kidogo, umalize shahada yako urudi. Ukaidi haujengi nyumba."

"Nikiomba radhi nitakuwa nimekubali."

"Ndiyo, ukubali. Huku nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Sikusikia alichojibu, maana mama alimnyang'anya simu.

"Mwache huyo," akasema. "Umefanya ulichosema umefanya?"

"Nimefanya, mama."

"Basi Ijumaa uoge, uvae ile blauzi niliyokushonea, uwaonyeshe. Na ukimaliza unipigie." Cherehani ikaanza tena.

*

Ijumaa nikavaa blauzi, juu yake koti jeupe la maabara, hata haikuonekana. Si neno. Mimi nilijua ipo.

Walikuja. Profesa alikuja, na Miwani, na mama mmoja wa kamati ya maadili, mfupi, mwenye viatu visivyo na kelele, ambaye nilimpachika jina la Mama Kamati. Alikuwa amebeba sanduku mikononi.

"Ili pasiwe na maneno," akasema, "kila kitu kitakuwa kipya."

"Kiwe kipya," nikasema. Nilikuwa na jeuri siku ile, mngeniona.

Akaweka mezani chupa za duara zikiwa ndani ya karatasi zake, makopo ya kemikali ambayo mihuri yake haijavunjwa, glavu kutoka kwenye boksi jipya. Akaweka na sumaku ya kukorogea, ambayo kwa asiyeijua ni kipande kidogo kama kidonge kirefu, kimevikwa plastiki nyeupe. Unakitumbukiza ndani ya chupa, chini yake kuna kifaa kinachokizungusha, na mchanganyiko unakorogeka wenyewe. Nayo ilikuwa kwenye pakiti yake.

Nikapima, nikamimina, nikatia chuma, nikawasha moto. Tukakaa kusubiri, Profesa anasoma majarida ya kitaaluma, Mama Kamati anasoma sura yangu.

Wakati ulipofika nikachukua tone la mchanganyiko, nikaliweka kwenye kibamba kidogo cha kupimia, nikakisimamisha ndani ya kimiminika chake. Tone hupanda taratibu. Ukikitoa na kukimulika kwa taa ya zambarau, unaona alama za vile vitu viwili ulivyoanza navyo. Jaribio likiwa limekubali, unaona na alama ya tatu juu yake, ya kitu kipya.

Nikamulika na kuona alama mbili.

Nikachukua tone jingine, nikamulika tena, alama zikawa zilezile mbili. Niliuona uso wa Miwani kwenye kioo cha kabati. Laiti angecheka. Alikuwa ananihurumia, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Ongezeni muda," nikasema.

"Maelezo yako yanasema muda umetimia," Mama Kamati akanijibu kwa upole. "Kamati itakaa Jumatatu mchana. Uje na utetezi wako."

Profesa alinipa mgongo. Alimgeukia Miwani. "Aondoe vitu vyake mezani. Simama naye, asibebe kisicho chake."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa koleo langu. Mimi ndiye niliyewaita. Mimi ndiye niliyesema mchana kweupe.

*

Nilipakia kwa hasira. Kikombe changu nikakitupa ndani ya boksi, kandambili nikazitupa, kamusi nikaitupa. Miwani alisimama pembeni kama alivyoagizwa, anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Mara akainama, akaokota kitu kwenye trei yangu ya kukaushia vyombo.

"Hii mbona hukuitupa?"

Ilikuwa sumaku yangu ya kukorogea.

"Niitupe kwa nini? Inazunguka."

"Imeota doa jeusi. Tazama, plastiki yote imechunika."

"Nimeisugua sana hiyo. Doa haliizuii kuzunguka."

"Dada, sumaku ikishaota doa inatupwa. Kila mtu anajua hilo."

"Kila mtu wa kwenu. Kwetu kitu hutupwa kikikataa kazi." Nilikuwa natafuta ugomvi na nilishukuru nimeupata. Mimi nimelelewa na mwanamke anayefumua shati bovu ili uzi wake utumike tena. Siku ya kwanza nilipoona wenzangu wanatupa vyombo kwa sababu ya madoa, niliona aibu kwa niaba yao.

"Uliitoa wapi?" akauliza Miwani.

"Nyuma ya droo ya meza hii, siku niliyohamia."

"Na umeitumia kwenye kazi gani?"

"Zote. Sikuwa na haja ya nyingine."

"Zote?"

"Isipokuwa ya leo. Leo si mmenipa ya kwenye pakiti?"

Miwani aliisogeza ile sumaku karibu na miwani yake, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mimi pia nilitumia ya kwenye pakiti," akasema polepole.

Nikaliacha boksi, nikamsogelea kuitazama.

Nitawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Ile plastiki ikichakaa inaota mikwaruzo, na kwenye mikwaruzo madini hujificha. Usugue, uoshe, uombe dua, hayatoki. Ikiwa sumaku ile iliwahi kukoroga paladi huko nyuma, chembe zake zilikuwa bado zimo. Na paladi ni kichocheo. Kichocheo hakiliwi na kazi. Kinafanya, kinabaki, kinafanya tena. Chembe isiyoonekana kwa macho inatosha.

"Rudi kesho asubuhi," akaninong'oneza Miwani. "Funguo ninazo mimi."

Jumamosi tuliandaa chupa tatu, ubavu kwa ubavu. Ya kwanza chuma na sumaku mpya. Ya pili chuma na sumaku yangu yenye doa. Ya tatu sumaku yenye doa peke yake, bila chuma hata kidogo. Kwa kuwa sumaku ya doa ilikuwa moja, ya tatu ilibidi isubiri zamu yake mchana.

Ya kwanza iligoma, ya pili ikakubali. Tulipomulika kibamba cha ile ya tatu, isiyo na chuma, alama mpya ilikuwa pale juu, imenona, inatutazama.

Nikaketi chini sakafuni.

"Umeelewa?" Miwani akauliza.

Nilielewa. Chuma hakikuwahi kufanya lolote. Ugunduzi wangu, ule niliokuwa nausimulia mpaka kwa dereva wa basi, ulikuwa doa kwenye sumaku kuukuu. Kazi yote ya tangu nifike imekwenda na maji. Lakini sikuwa nimetunga. Niliona nilichosema nimeona. Nilikuwa tu mtu aliyekosea, na sijawahi kufurahi hivyo kukosea maishani mwangu. Nilicheka mpaka Miwani akaniletea maji.

"Utasema mbele ya kamati ulichokiona?" nikamwuliza.

"Nimekiona kwa macho yangu, dada. Nitakosaje kusema?"

*

Jumatatu asubuhi nikamfuata Profesa maabara. Mtaniuliza kwa nini sikuisubiri kamati. Kwa sababu ni msimamizi wangu. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Heshima hiyo nilimpa, na nitaeleza ilinigharimu nini.

Alisikiliza akiwa amesimama mbele ya kabati la kufyonza moshi. Nilipofika kwenye sumaku, akanyoosha mkono.

"Nipe niione."

Nikampa. Akaitazama muda mrefu, akaisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni yangu," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ya mtu mdogo. "Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nafanya kazi za paladi kwenye meza ile, na za chuma kwenye meza ileile."

Hapo ndipo na mimi iliponiingia. Nilikuwa sijafika huko, naapa. Ikiwa sumaku hii ndiyo iliyonidanganya mimi, basi ilimdanganya na yeye kabla yangu. Jina lake, cheo chake, picha ukutani, vyote vilizaliwa kwenye doa hili.

"Profesa, sikujua," nikasema, na nilimwonea huruma kweli.

"Hapana. Umefanya vizuri." Akajikohoza, akarudi kuwa Profesa. "Lakini bado hujathibitisha. Kipimo halali ni kuisafisha kwa asidi kali, kisha kuijaribu. Ikisafishwa ikagoma, hapo utakuwa na hoja."

Ni kweli. Mkemia yeyote angesema hivyo. Ndiyo maana sikushtuka alipoitumbukiza ndani ya chombo cha asidi kilichokuwa mbele yake. Asidi ile inayeyusha hata dhahabu. Tukaitazama ikitoa mapovu madogo, ikawa nyeupe, nyeupe kabisa, kama imetoka dukani.

Akaitoa kwa koleo, akaisuuza, akaiweka kiganjani mwangu.

"Sasa," akasema, "hakuna sumaku yenye doa. Kuna sumaku safi, na kuna maneno yako."

Nikakifumba kiganja.

"Sikuchukii, binti. Nisikilize vizuri. Mchana nitaiambia kamati kwamba nimelirudia jaribio mwenyewe na limekubali, na kwamba Ijumaa kemikali zilikuwa na hitilafu. Jina lako litasafishwa mbele ya watu wote. Utamaliza shahada, utapata nafasi ya uzamivu hapahapa. Unachotakiwa kufanya ni kukaa kimya."

Fikirieni. Kile kitu nilichokuwa nakililia kwenye ngazi, jina langu, nilikuwa naletewa kimeshasafishwa. Ningemwambia mama nimeshinda. Mjomba angeandaa sherehe.

"Na nikikataa?"

"Utakwenda nyumbani ukiwa mtunga namba, na hapo sitakuwa na la kukusaidia." Akavua glavu, akazitupa. "Asidi hiyo imwage kwenye pipa la taka ukitoka."

Akaondoka. Koti lake lilikuwa limekaa upande, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mzee.

Nilibaki na sumaku safi mkononi na chombo mbele yangu. Nilikaribia kukimwaga. Mkono ulishakifikia. Kisha nikasema kwa sauti, peke yangu, "Pumbavu wewe." Nilikuwa najisema mimi.

Paladi haikuwa imepotea. Katika kemia hakuna kinachopotea, ndilo somo la kwanza kabisa tunalofundishwa, na Profesa mwenye picha ukutani alilisahau kwa hofu. Kilichotoka kwenye sumaku kilikuwa kimehamia ndani ya asidi. Chote kilikuwa humo.

Nikakifunika chombo kwa kioo bila kukikaza, maana asidi ile hutoa hewa na ukikikaza inakipasua. Nikakiweka ndani ya ndoo ya plastiki ya kubebea kemikali, nikavaa glavu mpya, na nikatoka nacho.

*

Nje ya chumba cha kamati nilimkuta Miwani kwenye benchi. Alisimama aliponiona.

"Profesa ameshaingia," akasema. "Anakusifia huko ndani, nimesikia."

"Uko tayari?"

Akaitazama ndoo. "Niko tayari."

Mlango ukafunguliwa. Mama Kamati alikuwa katikati ya meza ndefu, wanakamati wenzake kushoto, Profesa upande wake wa kulia, ametulia.

"Karibu," Mama Kamati akasema, na kwa mara ya kwanza akanitabasamia. "Tuna habari njema. Profesa amelirudia jaribio lako mwenyewe, limekubali. Ameondoa malalamiko na anaomba radhi kwa usumbufu. Unaweza kurudi kwenye meza yako leo hii."

Profesa akaniinamishia kichwa, kiungwana kabisa.

Nikaweka ndoo mezani.

"Naomba malalamiko yarudishwe," nikasema.

"Samahani?"

"Naomba yarudishwe, yasikilizwe mpaka mwisho. Sikutunga namba, lakini jaribio lile halijawahi kukubali. Si kwangu wala kwa mtu mwingine. Chuma hakifanyi kazi ile. Iliyofanya ni paladi, ilikuwa kwenye sumaku kuukuu, na sasa imo ndani ya asidi hii. Ipelekeni ikapimwe."

Tabasamu la Mama Kamati likaondoka kidogo kidogo. Profesa hakupandisha hata sauti.

"Binti amechoka," akasema. "Mtu yeyote anaweza kutia paladi ndani ya asidi akaja nayo hapa."

"Anaweza," nikakubali. "Lakini aliyeitia sumaku ndani ya asidi ni wewe, leo asubuhi. Nielezeni jamani, kwa nini msimamizi aioshe sumaku ya mwanafunzi siku ya kikao? Huko nyuma hajawahi kunioshea hata kijiko."

Mmoja wa wanakamati alikohoa. Mama Kamati akanyanyua mkono kumnyamazisha.

"Hiyo sumaku, kabla haijaoshwa, nani mwingine aliiona ikifanya kazi?"

"Miwani. Tulifanya pamoja Jumamosi. Yuko nje."

Akaitwa. Aliingia, akasimama karibu na mlango, akavua miwani na kuanza kuipangusa kwa ncha ya shati.

"Jumamosi ulikuwa maabara na huyu mwenzako?" Mama Kamati akamwuliza.

Profesa hakumtisha. Hakumkunjia hata uso. Alisema tu, kwa sauti ya baba, "Sema ukweli, kijana. Tasnifu yako bado iko mezani kwangu, naisoma kwa furaha."

Miwani akaipangusa miwani ile mpaka nikadhani vioo vitatoboka. Akaivaa. Akanitazama mimi, kisha akatazama ndoo, kisha sakafu.

"Hapana," akasema. "Jumamosi sikuwepo."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu yote mawili. Nilingoja machozi, nikajua yatakuja, maana mimi ni mtu wa machozi. Hayakuja.

"Basi andika hivyo," nikamwambia Mama Kamati. "Andika kwamba hakuwepo. Halafu mpigie simu mtu wa mashine ya kupimia madini, mwambie ana kazi."

"Unaelewa kwamba malalamiko yakirudi na ukashindwa, huna pa kukata rufaa?"

"Naelewa."

"Na kwamba ukitoka sasa hivi, jina lako ni safi?"

"Limesafishwa kwa uongo, mama. Silitaki."

Nikavuta kiti ambacho hakuna aliyenikaribisha, nikakaa, nikaisogeza ndoo karibu yangu. Mama Kamati alimtazama Profesa, kisha akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa umefika juu ya simu, na pale ukabaki, haunyanyui na hauachi.